Kuziombea Chembe Zife

Kila Jumatano jioni wanajumuiya wa pale Kibaoni walikusanyika uani kwa Mama Violeth kumwomba Mungu aue. Usishtuke, msomaji, hawakuwa wachawi. Walikuwa akina mama Wakatoliki wenye khanga zao mabegani, pamoja na wanaume wachache waliokosa kisingizio cha kubaki nyumbani, na hicho walichotaka kife hakikuwa mtu.

"Chembe zile zilizokaidi kichwani mwa mtumishi wako Agnella," aliita Klementina, mwenyekiti wa jumuiya, kwa sauti yake ya kufukuzia ndege, "uzifundishe kufa."

"Twakuomba utusikie."

"Na dawa ya kijana wetu Evod uikamilishe upesi."

"Twakuomba utusikie."

Evod mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda ubavuni mwa mama yake. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Watu walidhani ni unyenyekevu wa msomi. Unyenyekevu gani! Ilikuwa aibu, tena aibu ya kujitakia.

Habari hii ilianzia mbali kidogo. Evod ni mtoto wa pili wa Agnella, ambaye watu walimwita Mama Violeth kwa jina la binti yake mkubwa. Kijana alisoma mpaka akapitiliza: Ifakara, Dar es Salaam, kisha Uswisi, kwenye maabara moja ambako kazi yake ilikuwa kusababisha vifo. Mwili wa mtu, alipenda kueleza, umejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila chembe imezaliwa na amri ya kufa ndani yake. Ikiharibika au ikimaliza kazi yake, amri ile inaamka, nayo chembe inajikunja, inajikatakata, majirani wanasafisha mabaki, na mwenye mwili hajui lolote. Saratani ni chembe zilizoziba masikio. Amri haziisikii, zinazaana tu. Na kati ya saratani zote, kuna moja ya ubongo yenye haraka na ukatili kuliko nyingine. Evod na wenzake walikuwa wametengeneza kitu cha kwenda kubisha hodi kwenye ngozi ya chembe za aina hiyo, ili amri iliyolala iamke na zijimalize zenyewe.

Jaribio lao kubwa la kwanza lilipofaulu, mwaka wa tisini na nane, Evod alishindwa kuvumilia. Alipiga simu parokiani, mama akaitwa, akafika akihema, na mwanawe akamwambia kwa kelele za furaha, "Mama, zimekufa zote!"

Mama hakuuliza zimekufa wapi. Hata mimi nisingeuliza. Zilikuwa zimekufa kwenye kisahani cha kioo, kipana kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Lakini mama alisikia alivyosikia, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mwanawe amepata dawa ya saratani ya kichwa.

Halafu kichwa kikaanza kumuuma yeye.

Alianza kuangusha vitu kwa mkono wa kulia: kikombe, mwiko, rozari. Wakampeleka Dar es Salaam. Kichwa kilipigwa picha, kikafunguliwa, uvimbe ukapunguzwa kadiri ilivyowezekana, na mionzi ikafuata. Evod alifunga safari akaja. Daktari alimruhusu kuangalia kipande cha uvimbe kwenye darubini, naye hakuhitaji kuambiwa kitu. Ilikuwa jamii ileile aliyokuwa akiilea kwenye visahani kila siku, ila safari hii chembe zilikuwa za mama yake. Alitoka nje, akashika ukuta, akalia.

Mama alipoambiwa jina la ugonjwa alicheka. "Mungu si mjinga," alisema. "Kanipa ugonjwa ambao fundi wake nimemzaa mwenyewe."

Sasa nani angethubutu kumkatisha? Ukweli Evod alikuwa nao. Alijua kwamba kwenye kisahani chembe mbaya zinakaa peke yake, lakini kichwani zimejipenyeza katikati ya zile nzuri kama magugu yanayofanana na mpunga, huwezi kung'oa gugu ukaacha shina la mpunga salama. Alijua kwamba ubongo una ukuta wake unaozuia dawa nyingi. Alijua kwamba kitu chao kile hakijawahi kuingia kwenye mwili wa binadamu hata mmoja, na wenyewe walikuwa na wasiwasi kwamba kingeweza kuliamrisha hata ini life. Yote hayo aliyajua. Na mama alipomuuliza, "Dawa imefikia wapi, baba?" alijibu, "Bado kidogo, mama."

Bado kidogo. Hilo ndilo neno lililomkalisha Agnella barazani Kibaoni mpaka mpunga wa mwaka wa tisini na tisa ukaanza kuiva.

Na Agnella hakuwa mtu wa kukaa barazani. Alishuka bondeni Kilombero akiwa msichana kutoka upande wa Mahenge, akaolewa, akafiwa na mume mapema, akawalea wanawe kwa shamba la mpunga la Namawala. Kila mwaka mvua zikianza aliihama nyumba ya Kibaoni akaenda kukaa hukohuko shambani, kwenye kibanda cha miti na nyasi, mpaka gunia la mwisho lishonwe. Tena alikuwa na sheria zake. Pepeta ya kwanza, yaani ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa kabla haujakauka, haikuliwa na mtu kabla yeye hajaonja, na ililiwa shambani, si kwingine. Mbegu ya msimu ujao aliichagua mwenyewe, suke kwa suke, kabla mvunaji hajaingia na kisu. Mwaka fulani Violeth alijitia kumsaidia kuchagua, na masuke yake yote yakatupiwa kuku mbele ya macho yake.

Sasa mpunga unaanza kuiva, ndege wanaushambulia, na mwenye shamba kakaa Kibaoni, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake, anasubiri dawa. Violeth, aliyekuwa akienda na kurudi, alileta pepeta kwenye bakuli. Mama aliisukuma kwa mkono wa kushoto.

"Pepeta huliwa shambani."

"Basi twende shambani, mama. Kesho kuna lori la kwenda Namawala."

"Nikienda, dawa ikifika itanikosa. Mdogo wako kasema bado kidogo. Nitakwenda mwakani, nikiwa mzima."

Violeth alimvuta Evod mpaka nyuma ya jiko. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku hiyo upole aliuacha barazani.

"Niambie mimi dada yako. Dawa ipo?"

"Haipo, dada."

"Hata ile ya kwenye visahani? Usingechota hata kidogo ukaja nayo?"

"Ingeweza kumuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Na hata isingemuua, isingefika huko kichwani."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia. Akipata nguvu kidogo."

"Nguvu anazipoteza, hazipati! Huoni? Leo kaniita kwa jina la marehemu shangazi. Huu ndio mpunga wake wa mwisho, Evod, na wewe unamnyima."

Evod aliogopa, na tusimtafutie neno zuri zaidi ya hilo. Maadamu alisema bado kidogo, alikuwa fundi, mtoto aliyeletwa na Mungu kwa wakati wake. Akisema ukweli angekuwa mtu tu aliyetoka mbali na mikono mitupu, na kabla ya hapo angelazimika kuutazama uso wa mama yake wakati anausikia. Huo uso ndio uliomshinda. Siku zikapita, mpunga ukazidi kukauka, na Jumatano ikaja tena na sala yake.

Jumatano hiyo wanajumuiya walikuwa ndiyo kwanza wametulia wakati baiskeli ilipoangushwa nje ya ua kwa kishindo.

"Hodi humu! Huyu mwanamke bado hajafa? Nimeacha nyavu majini nikijua nakuja kula ubwabwa wa matanga!"

Akina mama waliguna kwa mshtuko. Mgonjwa aliangua kicheko, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, lakini kicheko hasa, ambacho hakikuwa kimesikika nyumbani humo tangu Dar es Salaam.

"Utatangulia wewe," alisema. "Umeshaanza kunuka kambale."

Aliyeingia alikuwa Kelestini, mvuvi wa Mto Kilombero, mtoto wa mjomba wake Agnella. Kwa watu wa kwao mabinamu wa namna hiyo ni watani mpaka kaburini, na kaburini ndiko hasa mtani anakofanyia kazi yake: yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu mbele ya jeneza, kusema alivyokuwa mchoyo, alivyokuwa mkali, na asikasirike mtu. Lolote analosema mtani linapokelewa kwa kicheko, na asiyecheka ndiye mwenye kosa. Kelestini alitundika kambale wake wa kukausha kwenye mti wa kuanikia, akajitafutia nafasi kwenye mkeka, akauliza jumuiya inaomba nini.

Klementina alimweleza kwa heshima zote: kuna chembe zinazokataa kufa, kuna dawa ya kuziamrisha, na fundi mwenyewe ndiye huyu hapa.

Kelestini alimgeukia Evod, macho yakimcheza.

"Shikamoo, mjomba," alisema Evod.

"Marahaba, muuaji. Kumbe ulikwenda Ulaya kujifunza kuua? Sisi huku tunakufa bila kufundishwa na mtu!"

Ua mzima ulicheka. Hata Violeth alicheka.

"Sasa, mpwa wangu," aliendelea, "nitajie mtu mmoja tu aliyeponywa na dawa yako, nikamtanie. Nimechoka kutania wagonjwa, hawana nguvu ya kurudisha. Nataka mzima."

Wote waliendelea kutabasamu wakimngoja Evod. Ilikuwa rahisi mno kutoka pale. Angeweza kurudisha utani kwa utani, aseme wa kwanza kuponywa atakuwa Kelestini mwenyewe, chembe zake za ulevi zife, watu wangecheka na sala ingeendelea. Mjomba alikuwa amemfungulia mlango mpana kabisa wa kukimbilia. Evod alimtazama mama yake. Mama alikuwa akimtazama kwa fahari, akingoja jina la mtu huyo.

"Hakuna, mjomba," alisema.

"Hakuna huku kwetu, au hakuna?"

"Hakuna mtu. Haijawahi kupewa mtu yeyote."

Tabasamu la Kelestini lilibaki usoni, hajui alipeleke wapi.

"Lakini bado kidogo," alidakia Klementina.

"Si bado kidogo, mama mwenyekiti. Labda miaka kumi. Labda ishirini. Labda isifae kabisa." Alishuka kwenye kigoda akapiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, zilikufa kwenye kisahani cha kioo. Kuziua kichwani mwako sijui, na hakuna anayejua. Nilijua hivyo siku zote. Nilishindwa kukuambia."

Mama alimzaba kofi kwa mkono wa kushoto. Halikuwa na nguvu, lakini lilikuwa kofi.

"Umenikalisha hapa kama gunia la pumba," alisema. "Mpunga wangu unaliwa na ndege, mimi nakaa kama gunia la pumba!"

"Nisamehe, mama."

"Kwa hiyo nakufa."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti kama mtoto, bila kujificha, na akina mama wa jumuiya wakapandisha khanga machoni. Kelestini, ambaye kazi yake ilikuwa kuwageuza watu wenye machozi wacheke, alijaribu kufungua mdomo akashindwa. Evod alikishika kile kiganja cha kulia kisichomshika mtu, akakilalia kwa shavu lililopigwa. Aliona uchungu mkubwa kuliko wowote aliowahi kuuona, na humohumo aliona amepumua.

Mama alipomaliza kulia alijifuta kwa upindo wa khanga. "Violeth," alisema, "funga mizigo."

Wakaenda Namawala wote watatu, na Kelestini nyuma na baiskeli yake, akidai anakwenda kuhakikisha marehemu hatoroki. Walimtengenezea Agnella kitanda cha kamba mlangoni mwa kibanda, shamba lote mbele yake. Ile kamba ndefu iliyofungwa makopo, inayopita juu ya mpunga kwa ajili ya kutisha ndege, alitaka ifungwe kwenye mkono wake wa kushoto. Kundi la kwelea likishuka anavuta, makopo yanapiga kelele, ndege wanainuka, naye anawatukana kwa Kipogoro cha kwao matusi ambayo Violeth alikataa kumtafsiria mwalimu mmoja wa shamba jirani. Pepeta ililetwa, ya kipande cha shamba kilichochelewa kukauka. Alionja yeye kwanza, akatafuna taratibu, akasema imezidi moto, ndipo wengine wakala.

Mbegu ndiyo iliyokuwa shida, maana mguu ulikuwa umeanza kuufuata mkono. Siku mbili alinung'unika, ya tatu akamwita Evod. Alimtuma akate suke, alilete, na yeye alilipitisha kwenye kidole gumba cha kushoto kutoka shina mpaka ncha. Mengi aliyatupa. "Mapepe," alisema. "Matupu haya. Huko Uswisi hamna macho?" Evod alirudi kwenye matope akatafuta tena. Hajawahi kufanya kazi iliyompendeza kama ile, na hajawahi kukemewa hivyo na profesa yeyote.

Siku moja mchana, jua likiwa kali, mama alimwita akae chini.

"Hizo chembe zako," alisema. Maneno yalikuwa yameanza kumjia kwa kuchelewa, na alikuwa akiyangoja kwa hasira. "Zikiamriwa kufa, zinaumia?"

Evod alitafuta pa kuanzia. Pembeni ya kibanda palikuwa na kidimbwi kilichosahauliwa na mvua, kimejaa viluwiluwi. Alimwonyesha mmoja aliyekwisha kuota miguu, mkia umebaki kipande.

"Unauona ule mkia? Hakuna anayeukata. Chembe zake zinapewa amri na zinakufa zenyewe, moja baada ya nyingine, na chura anapata kutoka majini. Haziumii."

"Na mkia haubishi?"

"Haubishi, mama."

Agnella alikitazama kidimbwi muda mrefu. Evod alidhani amesinzia.

"Mimi nabisha," alisema hatimaye.

"Bisha, mama."

"Nabisha sana. Sitaki." Alivuta kamba, ingawa hapakuwa na ndege. "Lakini acha nibishie hapa. Si kule barazani."

Mpunga ulivunwa, ukapigwa, ukapepetwa, magunia yakashonwa. Masuke ya mbegu yalifungwa mafungu na kuning'inizwa darini, juu ya kitanda chake, ambako moshi wa jiko ungeyalinda na wadudu mpaka mvua nyingine. Kufikia hapo mama alikuwa amebakiwa na maneno machache sana. Jina la Violeth lilikuwepo. La Evod lilikuja na kuondoka. Kelestini bado alikuwa akiitwa kambale.

Jumatano hiyo ya mwisho wa mavuno wanajumuiya wa Kibaoni walikuja na lori, wamejaa vumbi kichwani mpaka miguuni. Waliketi mbele ya kibanda, wakaimba, Klementina akaanza maombi. Aliwaombea wagonjwa wote. Aliwaombea wavunaji, na marehemu, na mvua. Kisha akafika pale alipozoea kufika kila Jumatano. "Chembe zile zilizo..." alisema, mazoea yakimtangulia, akashtuka, akakata. Hakuna aliyeinua macho. Sala ile haikuwa na kazi tena, kila mtu alijua, na mwenyekiti alisimama pale na rozari yake hajui aruke aende wapi.

"Zife," ilisema sauti kutoka kitandani.

Klementina alisogea. "Mama Violeth, mpenzi, hiyo tulisema tuiache..."

Agnella alitikisa kichwa. Ilionekana wazi anatafuta neno, analivuta, linateleza, analirudia tena, jasho likimtoka usoni. Kelestini alifunga macho asione. Evod aliinama karibu, asijue amsaidieje, kwa maana neno lenyewe hakulijua.

"Omba," alisema mama yake. Halafu, baada ya muda, "Wako wengine."

Sauti ya Klementina ya kufukuzia ndege ilitetemeka, kisha ikakaa sawa.

"Chembe zile zilizokaidi vichwani mwa watumishi wako, popote walipo, uzifundishe kufa."

"Twakuomba utusikie," alijibu Evod, kwa sauti kubwa, mbele ya wengine wote.

Mama aligeuza kichwa akamtazama. Kisha akavuta kamba, na makopo yakalia juu ya shamba lililobaki mabua matupu.